Kutoka Taarifa Kwenda Hadithi: Neno la Mwisho ni la Nani?

Imezoeleka kusemwa miongoni mwetu sisi tuliofundisha kwamba mtu anayejua kuandika insha nzuri anaweza pia kuandika hadithi, kwa kuwa lugha ni ile ile na kalamu ni ile ile. Wanaosema hivyo huongeza kuwa kinachomkosesha mtu huyo hadithi ni ubunifu tu, yaani uwezo wa kuzua watu na mambo ambayo hayakuwapo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba rai hiyo haijafika kwenye kiini cha jambo. Kubuni si kazi ngumu kiasi hicho. Mtoto wa darasa la pili aliyechelewa shule hubuni kisa kizima kati ya lango na mlango wa darasa, tena chenye wahusika na mandhari. Ugumu uko mahali pengine. Mwandishi wa taarifa, wa insha, wa historia au wa wasifu amezoea kuwa na neno la mwisho juu ya jambo analolieleza. Akihamia kwenye hadithi hutakiwa alitoe neno hilo mikononi mwake, awaachie wahusika na msomaji. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na nathubutu kusema kuwa hata baadhi ya waandishi wetu wakubwa walipata taabu hapo hapo.

Ili hoja isielee hewani, hebu tuwatazame waandishi watatu ambao kila mmoja kwa njia yake alifanya kazi katika maandishi ya mambo ya kweli na katika hadithi pia. Hao ni Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Adam Shafi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na pamoja na mashairi aliandika insha, habari za maisha yake mwenyewe, wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, na hadithi kadhaa. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, tunakutana na nchi inayoelea angani. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria, na Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kutafuta maarifa, kisha wakaambulia kifungo waliporejea.

Uzuri wa kitabu hiki hauna ubishi. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na mtumishi wa serikali hangeandika insha ya kusema waziwazi kwamba watawala wanaogopa watu kujua haki zao. Hadithi ilimpa Shaaban Robert mlango ambao insha ilimfungia. Pamoja na hayo, tukikichunguza kwa jicho la fundi tunaona kwamba mwenye insha hakuondoka. Amevaa joho la Karama tu. Majina yenyewe yamekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kuanza, kwani nani atamwamini mtu aitwaye Majivuno? Karama hakosei, hatetereki, wala haingiwi na hofu ambayo msomaji angeweza kuihofia pamoja naye. Anachosema yeye ndicho mwandishi anachoamini. Ndiyo maana mwanafunzi akiulizwa Kusadikika kinasema nini hujibu upesi, lakini akiulizwa Karama alikuwa mtu wa namna gani, hurudia zile zile hoja zake.

Sasa tumlinganishe Karama na Siti katika Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti alikuwa mtu halisi, mwanamke wa shamba aliyeuza vyungu, akaja mjini Unguja, akaimba taarabu, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa huko Bombay. Mwandishi anamsifu mno, hilo ni kweli, na mara nyingi anasimama kutufundisha. Hata hivyo Siti ana uhai kuliko Karama. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba Siti alikuwapo kabla ya hoja ya mwandishi. Alikuwa na mwili wake, umaskini wake, sauti yake, na watu waliomcheka. Mwandishi hakuweza kumkunja apendavyo. Karama alizaliwa kutokana na hoja, kwa hiyo hana mahali pa kwenda nje yake. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo ambalo anayejifunza kuandika hadithi anapaswa kulitafakari: mtu wa kubuniwa anahitaji ukaidi ule ule alio nao mtu wa kweli. Asipoweza kumbishia mwandishi wake, si mhusika bali ni aya ya insha iliyopewa jina.

Mtu wa pili ni Muhammed Said Abdulla, aliyeishi kati ya mwaka 1918 na 1991. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya huko Unguja, kisha akaingia katika uhariri wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Wakati huo huo hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957/58 ya uandishi wa hadithi za Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1960. Ndiyo iliyotuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake. Tazameni njia aliyopita: mkaguzi wa afya, mhariri wa gazeti, kisha mtunzi wa hadithi za upelelezi. Huyu hakuitupa kazi yake ya zamani alipoanza mpya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, naye aliukalia mbacha wake vizuri. Jicho la mkaguzi anayeingia nyumba za watu, akiona walichoficha chini ya sinia, ndilo jicho la Bwana Msa.

Lakini alilazimika kujifunza jambo moja ambalo gazeti halifundishi. Habari ya gazeti huanza na jambo kubwa. Nani amekufa, wapi, lini, na nani amekamatwa, yote hayo msomaji huyapata katika aya ya kwanza, na yanayobaki ni nyongeza ambazo mhariri anaweza kuzikata bila hasara. Hadithi ya upelelezi hugeuza mpango huo juu chini. Maiti iko mwanzoni, ila jawabu lazima likae mbali, na kila anayepita mbele yetu azungumze kwa namna yake bila mwandishi kutukonyeza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale msomaji anaishi muda mrefu na uwezekano kwamba mzimu ndio uliofanya mauaji, kama wanavyosadiki baadhi ya watu katika hadithi. Mhariri wa gazeti la kilimo angekanusha imani hiyo kwa sentensi moja. Mtunzi aliistahimili kwa kurasa nyingi, akawaachia wenye kuiamini waseme kwa lafudhi zao za Kiunguja zilizojaa mizaha na kujikweza. Kustahimili huko ndiko ninakokuita kujifunza.

Hata hivyo neno la mwisho halikumponyoka kabisa. Mwishoni Bwana Msa hukaa kitako na kueleza kila kitu, kidogo kidogo, mpaka hakuna uzi uliobaki nje ya kitambaa. Aina ya hadithi yenyewe inadai hivyo, kwa hiyo simlaumu mtunzi. Ninachosema ni kwamba katika kurasa zile za mwisho taarifa inarudi na kukalia kiti chake, na nafikiri ndiyo sababu wasomaji wengi hukumbuka zaidi mazungumzo ya katikati kuliko maelezo ya mwisho.

Wa tatu ni Adam Shafi, ambaye amefanya kazi ya uandishi wa habari na ambaye riwaya zake zimesimama juu ya mambo yaliyotokea kweli Zanzibar. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka mwaka 1978 na kuhusu Mapinduzi ya mwaka 1964. Kuli ilitoka mwaka 1979 na kuhusu mgomo wa makuli wa bandarini wa mwaka 1948. Katika vitabu hivi viwili historia ndiyo inayoongoza, na watu wanaifuata. Rashidi wa Kuli anatugusa kwa sababu ya mizigo anayoibeba na dhuluma anayoiona, lakini tunajua mapema anakoelekea, kwani mgomo unamngojea. Mwandishi ameshafanya uamuzi kuhusu mabwana na watwana, nasi tunakubaliana naye kabla ya kufungua ukurasa.

Miaka 20 baada ya Kuli, mwaka 1999, akatoa Vuta N'kuvute, na hapa mambo yamebadilika. Siasa za kupigania uhuru zimo, mikutano ya siri imo, polisi wa kikoloni wamo. Lakini anayetushika mkono ni Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi sana umri. Anatoroka, wazazi wanamkana, anapokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo, anampenda Denge mwanaharakati, na maisha yanamvuta huku na huku kama jina la kitabu linavyosema. Swali la kumhukumu Yasmin limo katika kila sura. Je, amewaaibisha wazazi? Ametumia watu? Anajua anachokitaka? Mwandishi hajibu. Msomaji anaweza kumhurumia hata Bwana Raza bila ya kuacha kufurahi kwamba mkewe amemkimbia. Vijana walioiona filamu iliyotengenezwa kutokana na riwaya hiyo mwaka 2021 bado wanabishana juu ya Yasmin, na hawabishani hivyo juu ya Mwinyi Fuad. Historia ya Zanzibar haikupungua katika Vuta N'kuvute. Kilichopungua ni sauti ya anayetueleza tuifikirie vipi.

Baada ya kuwatazama watatu hao, ndugu msomaji, tuje kwenye lugha yenyewe, maana neno la mwisho halikai katika fikra tu. Limejificha ndani ya sarufi. Tazama lugha ya kumbukumbu za kikao: iliamuliwa, ilipendekezwa, ilionekana kwamba, wajumbe walitakiwa. Vitenzi vya kutendwa vimepangwa kama viti, na hakuna mtu aliyekalia hata kimoja. Nani aliamua? Nani alipendekeza, na alipopendekeza nani aliinamisha macho? Lugha hiyo ina kazi yake na nimeitumia kwa miaka mingi bila majuto, kwa kuwa kikao kinahitaji uamuzi na hakihitaji nyuso. Hadithi inahitaji nyuso. Babu na bibi zetu waliosimulia ngano walijua hivyo, ndiyo maana walitumia ile -ka- yetu: akainuka, akachota, akanywa, akaondoka. Kila -ka- ina mtendaji wake, na kila tendo linazaa jingine. Anayetoka kwenye taarifa akiandika hadithi yake yote kwa "ilitokea kwamba" na "ilibainika kuwa", ajue bado yuko ofisini.

Vivyo hivyo kwa usemi. Taarifa hupenda kusema kuwa mzazi alilalamika kuhusu ada. Hadithi humwacha mzazi aseme: "Mwalimu, mbuzi nilishauza mwezi uliopita. Sasa niuze nini?" Katika sentensi ya kwanza mwandishi amekwisha kuliita neno la mzazi lalamiko. Katika ya pili ni juu yako msomaji kuamua kama ni lalamiko, ni ombi, au ni hesabu tu ya mtu mkweli.

Nina sababu yangu ya kulifuatilia jambo hili katika umri huu. Kila aliyekuwa mkuu wa shule nchini kwetu anazijua zile sentensi fupi katika rejista: ameondolewa shule kwa sababu ya ujauzito. Kwa miaka mingi ndivyo utaratibu ulivyokuwa, mpaka mwaka 2021 Serikali ilipotangaza kuwa msichana wa namna hiyo aweze kurejea masomoni baada ya kujifungua. Sentensi ile ni ya kweli kabisa. Ina tarehe, ina jina, ina sababu. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikiandika juu ya wasichana hao, na nimeona kwamba taarifa haitoshi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima: wengi wao leo ni mama na bibi za watu, na hakuna ruhusa ya kuwaanika. Ya pili ni kwamba rejista haijui lililo muhimu. Haijui msichana alikuwa amesimama wapi alipoambiwa. Haijui daftari zake zilibaki kwa nani, wala kama mama yake aliifua sare mara ya mwisho kabla ya kuikunja, na aliikunja kwa ajili ya mdogo mtu au kwa ajili ya siku ambayo haikuja. Hayo siwezi kuyapata katika jalada lolote. Lazima niyabuni, na nikiyabuni lazima yawe kweli.

Katika hadithi hiyo yumo mwalimu mkuu. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kuandika aya mbili juu ya waraka uliomfunga mikono, juu ya bodi, juu ya wazazi wengine waliotaka shule isafishwe, na kila neno lingekuwa sahihi kihistoria. Ningeweza pia kumpaka masizi, nikapigiwa makofi na vijana. Vyote viwili ni kumtolea hukumu. Mhusika huyo inampasa asimame mbele ya msomaji bila wakili na bila mshitaki, aseme aliyoyasema, afunge kitabu chake, achungulie dirishani au asichungulie. Msomaji ndiye ataamua. Kwa mtu aliyezoea kufunga kila mkutano wa asubuhi kwa nasaha, zoezi hilo ni gumu kuliko kubuni nchi inayoelea angani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Tumefundishwa, na tumefundisha, kwamba fasihi ni mwalimu wa jamii na kwamba kazi isiyokuwa na ujumbe ni mwili usio na roho. Katika vyuo vya ualimu tulizigawa kazi zote katika fani na maudhui, na chini ya maudhui tukaorodhesha dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo. Mpango huo ulitusaidia kufundisha, na mtahiniwa alipata pa kushika. Lakini ulileta tabia nyingine pembeni. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa hadithi inafunza nini, siku akiandika yake huanza na funzo, kisha hutafuta watu wa kulibeba, na mwisho huandika, "Hivyo basi tunajifunza kwamba..." Nimesoma hadithi nyingi za wanachuo zilizokuwa na msichana aliye hai kabisa hadi ukurasa wa mwisho, ambako alikufa ili tujifunze. Wanachuo wale hawakukosa kipaji. Tuliwafundisha kuandika majibu ya mtihani kabla ya kuandika kitabu kitakachotahiniwa.

Sisemi kwamba hadithi isifunze. Vuta N'kuvute inafunza mengi juu ya ndoa, rangi na ukoloni. Nasema funzo libaki ndani ya mambo yenyewe, msomaji alichume kwa mkono wake, maana mwenye macho haambiwi tazama. Wala simwambii mwandishi wa taarifa aone haya kwa alichokuwa. Anakuja na mali ambayo kijana mwenye kipaji hana: anajua bei ya gunia la mahindi mwaka gani, anajua barua ya uhamisho huandikwaje, anajua harufu ya ofisi ya afisa elimu wakati wa mvua. Mali hiyo asiitupe. Kinachotakiwa ni kuitoa kwa mwendo mwingine, na kukumbuka kwamba kauli ya "lakini ilitokea kweli", ambayo katika historia humaliza ubishi, katika hadithi haimalizi lolote. Jambo lililotokea kweli linaweza kuonekana la uongo likiandikwa bila sababu zake, na jambo lisilotokea kamwe linaweza kumfanya msomaji aseme, "Namjua mtu huyu."

Kwa wenzangu waliostaafu wenye majalada nyumbani na hamu ya kuandika hadithi, nina pendekezo moja la kazi. Ukimaliza kuandika, mtafute mtu asiyekuogopa, ikiwezekana mjukuu, umsomee kwa sauti. Ukifika aya ya mwisho, usiisome. Muulize ni nani kati ya watu wale anayemsikitikia, na kwa nini. Akijibu kwa urefu, hata kama jibu lake silo ulilolitaka, hadithi imesimama na ile aya unaweza kuifuta. Akikuuliza, "Kwa hiyo ulitaka kusema nini?", usimjibu. Rudi mezani umtafute yule mtu uliyemzuia asizungumze.